Kushona kwa mkono na watoto: maswali tunaulizwaka kila siku ya posho

Kila siku ya posho (jumamosi) mchana watoto wa avenyu yetu hapa Katindo, Goma, wanakuja kukaa kwenye mkeka mu parseli, chini ya muti ya avoka, kila mtu na kipande chake cha kitambaa, na wazazi wakifika kuwachukua wanauliza maswali ile ile ya wiki iliyopita. Nimechoka kurudilia, njo nimeandika. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakutuma kule, usikasirike.

## Mbele ya kuanza

Mtoto aanze na miaka ngapi?

Wa miaka minne ao mitano mupe kartoni yenye matundu makubwa na kamba ya kiatu, apitishe chini, atokee juu, tena chini. Inaonekana mchezo tu lakini hapo ameshajifunza nusu ya kushona, sababu kitu ya kwanza inawasumbuaka ni kwamba sindano ikitokea juu lazima irudie mahali pengine, wao wanataka kuizungusha pembeni ya kitambaa.

Miaka sita saba, sindano ya kweli isiyokuwa na ncha kali. Kuanzia nane hivi anaweza mshono wa kurudi nyuma, na tisa ao kumi anashona kifungo na pindo. Lakini mimi siangaliaka sana umri. Naangalia kama anaweza kufunga kamba ya viatu mwenyewe na kukata karatasi akifuata mstari, akiweza hizo mbili mulete. Tuko na mmoja wa miaka sita anashona sawa kuliko kaka yake wa kumi, na kaka haipendi hiyo habari hata kidogo.

Mimi mwenyewe sijui kushona. Nitamufundisha aje?

Jifunze mshono moja usiku, umufundishe kesho yake. Kwa kweli mzazi ambaye hajui anafundishaka vizuri kuliko fundi, juu fundi mikono yake inakimbia na hakumbuki tena kwamba kuna siku alikuwa anashindwa kufunga fundo. Wewe bado unashindwa, kwa hiyo utamuhurumia.

Video za telefone zinasaidia lakini zinamaliza megabaiti, na mtoto akiangalia screen haangalii mikono yake. Angalia wewe, kisha uzime.

Kwa nini tusianze na mashini moja kwa moja?

Kwanza miguu. Zile Singer na Butterfly za kukanyaga, ambazo mafundi wanazipenda juu haziombi courant, mtoto wa miaka saba hafikii pedali vizuri, na akifikia hawezi kukanyaga na kuongoza kitambaa kwa mara moja. Pili, mashini inaficha kazi. Mtoto anaona mshono umetoka tu, hajui kwa nini umekaza ao umelegea. Kwa mkono anasikia uzi ukivuta.

Na tuseme ukweli, vitu vinavyoharibika nyumbani, buto ya shati ya shule, pindo ya jupe imefumuka, mfuko umetoboka, hakuna anayewasha mashini kwa hizo. Ni sindano na dakika kumi.

Na wavulana? Papa yake anasema ni kazi ya wasichana.

Umuambie papa atembee Birere, kwenye mtaa wa maduka na mafundi, ahesabu wanaume waliokaa nyuma ya mashini kwenye mabaraza. Suti yake ya ndoa nani alimushonea? Na kama anataka desturi ya zamani, Wakuba wa kule Kasai, wale wa vitambaa vya rafia vinajulikana dunia nzima, ni wanaume njo wanafuma rafia, na nguo zao za kuvaa kiunoni wanazishona wenyewe, wanawake wanashona zao na kutarizi zile zenye nyuzi laini kama manyoya.

Kwetu wavulana ni karibu nusu. Wanapenda zaidi kushona mifuko ya bili (gololi za kucheza), sawa, bili zina uzito, mfuko ukishonwa vibaya unapasuka siku ile ile na hakuna mwalimu mkali kuliko hiyo.

Somo moja dakika ngapi?

Kwa wadogo dakika 15 mpaka 20, wakubwa nusu saa ao zaidi wakiwa wamezama. Simama mbele ya kuchoka. Ukingoja mpaka amechoka, kesho akiona sindano anakumbuka uchovu. Vakansi kubwa ya mwezi wa saba na wa nane njo wakati mzuri, na shule ikianza mwezi wa tisa tayari anaweza kujishonea buto za uniforme.

Na ushone mchana. Kushona na tochi ya telefone kunaumiza macho, na uzi wa bluu na mweusi vinakuwa kitu kimoja.

## Vifaa

Ninunue nini? Sina pesa nyingi.

Sindano chache, bobini moja ya uzi, na mkasi mdogo unaokata kweli (mkasi butu ni hatari kuliko mkali, mtoto anakaza nguvu na unateleza). Basi. Chaki ya fundi usinunue, kipande cha sabuni kikavu kilichobaki kinachora vizuri na kinatoka ukifua. Ya kutunzia sindano, kopo ya chuma yenye kifuniko.

Vitambaa omba. Fundi yeyote jioni akifagia ana masalio ya kikwembe chini ya meza, muombe kwa heshima, na mtoto awe na wewe, mara nyingi anajaza mfuko mzima. Sisi hatujawahi kununua kitambaa.

Sindano ya aina gani?

Nataka niseme kitu hapa kabisa. Wazazi wengi wanaleta mtoto wakisema "huyu mikono yake ni mizito, haitawezekana," kisha naangalia sindano: nyembamba kama unywele, tundu hata mimi silioni. Mikono ya mtoto haina shida. Sindano njo mbaya.

Kwa kuanza tafuta ile ya sufu, nene, tundu refu, ncha butu. Kama hakuna, ile wanashoneaka nywele saluni inafaa, chukua iliyonyooka, iliyopinda achana nayo. Lakini ncha butu inapita tu kwenye kitambaa kilicholegea (angalia swali linalofuata). Mtoto akishazoea, mupe sindano ya kawaida yenye ncha, na kwenye pakiti ujue namba inaenda kinyume: sindano za mkono namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Kwa hiyo namba ndogo usifikiri ni sindano ndogo "ya watoto", ile ni ndefu na nene... ambayo, bahati nzuri, njo anaihitaji.

Kitambaa gani?

Cha kwanza kabisa: gunia ya katani, zile za zamani za kahawa, nyuzi zinaonekana na sindano butu inapita bila kulazimisha. Zile gunia za plastiki za mchele pia watoto wanaweza, ila zinafumuka pembeni, uzichome pembe kwa moto kidogo wewe mwenyewe, siyo mtoto.

Kisha pamba ya kawaida. Shuka ya zamani ya chaguwa (mitumba) iliyofuliwa mara mia ni nzuri sana, laini na haitelezi. Kikwembe cha wax watu wanakikimbilia juu ya rangi, lakini kipya kiko kigumu na nyuzi zake zimebanana, sindano inaomba nguvu na mtoto anasukuma mpaka anajidunga. Ukifue mara mbili tatu kitoke ule ugumu wa dukani, na uweke safu moja tu, siyo mbili.

Satini hapana, inakimbia. Jeans hapana. Tishati inayovutika nimeiandikia swali lake kule mwisho.

Kitambaa cha karo, kile cha viboksi, ni zawadi ya Mungu kwa mwalimu: sindano iingie karo moja itokee karo inayofuata, mishono yote inatoka sawa na hujachora kitu.

Uzi gani, na urefu gani?

Kwa wanaoanza uzi mnene wa pamba, ao sufu nyembamba kwenye gunia. Rangi iwe tofauti sana na kitambaa. Watu wanafikiri rangi ya kufanana inaficha makosa, ndiyo, inaficha, na mtoto hawezi kurekebisha asichokiona.

Urefu: kutoka ncha ya vidole vyake mpaka kiwiko chake, halafu ongeza kiganja kimoja. Inatoka kama sentimetre 40. Siyo zaidi! Kila mtoto, kila mmoja bila kukosa, anakata uzi mrefu kama yeye mwenyewe ili "asirudie kutia tunduni", na kisha anatumia saa yote kufungua mafundo. Mama zetu walisemaka uzi mrefu ni wa mvivu. Mimi sisemi hivyo kwa mtoto, nampimia tu kwa mkono wake, hata akikua kipimo kinakua naye.

Uzi wa polyester wa mashini unajizungusha sana ukitumika kwa mkono. Upitishe juu ya nta ya nyuki, ao buji (mshumaa), ao hata sabuni kavu, mara mbili, unatulia.

## Mishono yenyewe

Kabla ya mshono wa kwanza, fundo linafungwa aje?

Ile ya kuzungusha uzi kwenye kidole na kusugua na gumba watoto wanapata shida, linatoka tunguu la nyuzi. Fundisha hii: uzi umeshaingia tunduni, lete mkia wa uzi ulale juu ya sindano karibu na ncha, shika kwa gumba, zungusha uzi mara tatu kwenye sindano, kisha bana ile mizunguko kwa vidole na vuta sindano ipite. Mizunguko inateremka mpaka mwisho wa uzi na inakuwa fundo dogo, safi. Mara ya kwanza wanapiga kelele kama wameona mazingaombwe.

Kumalizia: nyuma ya kitambaa, mishono miwili midogo mahali pamoja, ule wa pili kabla haujakaza pitisha sindano ndani ya kitanzi, vuta. Kata uzi ubaki nusu sentimetre. Usiruhusu kukata na meno, nasema hivyo na mimi mwenyewe nakataka na meno.

Mshono gani wa kwanza?

Kwenda mbele. Wamama waliosoma kupe-kutiri (ushonaji) kwenye humanite (sekondari) wanaujua kama puan devan. Chini juu, chini juu, mstari unatoka kama nukta za barabarani. Chora nukta na sabuni kila nusu sentimetre ao sentimetre moja kwa wadogo, sindano iguse kila nukta. Anayetumia mkono wa kuume anatoka kuume kwenda kushoto.

Mwanzoni kila hatua avute uzi mpaka mwisho. Baadaye atagundua mwenyewe kwamba anaweza kuokota nukta tatu kwa mara moja kabla ya kuvuta, usimuambie, muache agundue, ile furaha ni yake.

Mshono huu hauna nguvu nyingi. Ni wa kushikiza kwa muda, wa kupamba, na wa kukunja-kunja kitambaa kiwe na mawimbi. Kwa mfuko wa kubeba kitu haufai, nenda swali linalofuata.

Na wa kushikilia kweli?

Kurudi nyuma. Sindano inatokea hatua moja mbele, inarudi nyuma kuingia kwenye tundu la mshono uliopita, inapita chini na kutokea hatua moja mbele tena. Juu unaonekana mstari usiokatika kama wa mashini, chini nyuzi zimepandana. Njo maana haupasuki upesi, hata uzi ukikatika mahali pamoja mengine yanabaki yameshika.

Kwa watoto tunaimba: mbili mbele, moja nyuma. Usiufundishe siku moja na ule wa kwenda mbele. Wanauchanganya na wanapata kitu cha tatu kisicho na jina.

Pindo je?

Kunja kidogo, kunja tena, ili ule ukingo unaofumuka ubaki ndani. Bana na pini ao na zile klipu za kuanikia nguo, kwa watoto klipu ni salama zaidi. Kisha mshono wa kuzungusha: sindano inaokota nyuzi mbili tu za kitambaa cha nje, inaingia kwenye ukingo uliokunjwa, na kusonga. Watoto wanaokota kitambaa kingi na kwa nje inaonekana mistari, haina neno, jupe ya shule ya bluu na uzi wa bluu nani ataona. Ukunjaji njo kazi, siyo ushonaji. Kama hamna pasi, kalia pindo dakika tano. Nasema kweli, wanakalia huku wanacheka.

Kifungo (buto) kinashonwa aje bila kutoka tena kesho?

Hapa uzi uwe mara mbili, njo mahali pekee nakubali na mtoto. Anza na mishono miwili midogo pale kifungo kitakaa, weka kifungo, na juu yake lalisha kijiti cha kiberiti. Pitisha uzi juu ya kijiti, kila jozi ya matundu mara nne ao tano. Toa kijiti, vuta kifungo juu, utaona uzi umelegea katikati ya kifungo na kitambaa: zungushia pale mara tatu, kaza, funga nyuma. Ile shingo njo siri. Kifungo kilichobanwa kabisa kwenye shati hakina nafasi ya kitambaa kingine kupita, mtoto anavuta akifunga, na ndani ya wiki kimetoka.

Matundu manne: washone mistari miwili ao msalaba, wachague wao. Wanabishanaka sana juu ya hilo.

Washone nini? Mstari juu ya kitambaa unawachosha.

Unawachosha kweli, na mimi nawaunga mkono. Nilifundishwa kwa kushona mistari kumi ya kila mshono kwenye kitambaa kimoja, kile kitambaa kiliishia kufuta meza. Mstari mmoja wa kujaribu unatosha, kisha kitu.

Kitu cha kwanza kiwe kidogo kama kiganja na kiishe siku moja: alama ya kuweka kwenye kaye (daftari), kitambaa cha kamasi chenye mstari pembeni. Kisha mfuko wa bili, truse (kifuko) ya biki, kamto ka doli kalikojazwa masalio. Kisha vile vilivyopasuka nyumbani, na hapa utashangaa. Mtoto aliyeshona soksi ya papa yake, na papa akaivaa kwenda kazini, huyo hutamuita tena kuja kushona, anajiletea.

## Pale inaharibika

Uzi wake unajifunga mafundo kila dakika.

Pima uzi (angalia "Uzi gani, na urefu gani"). Kama ni sentimetre 40 na bado unajifunga, kila hatua kadhaa aachie sindano ining'inie chini, itajizungusha yenyewe kama mtu wa kuruka ngoma na uzi utanyooka. Na fundo likija asivute! Wanavutaka wote. Aingize ncha ya sindano katikati ya kitanzi na alegeze polepole.

Kitambaa kinajikunja kama uso wa mzee.

Anakaza kupita kiasi. Muambie uzi "ulale" juu ya kitambaa, usizame. Baada ya kila mishono mitano apitishe gumba juu ya mstari kunyoosha. Kukiwa bado, tafuta kartoni, kata dirisha katikati, bana kitambaa juu yake na klipu pande nne, kitakuwa kimetandazwa kama ngoma.

Uzi unatoka tunduni kila mara, na yeye analeta sindano kwangu.

Mkia uwe mrefu, kiganja kizima, na afundishwe kushika sindano pale kwenye tundu akivuta, vidole vinabana uzi. Ukiona anachoka kabisa, funga uzi kwenye tundu na fundo dogo, fundi atakucheka lakini utapumzika. Juu ya kutia uzi penyewe, angalia swali la mtoto asiyeona karibu.

Mshono wake ni mbaya. Niufumue nirekebishe?

Hapana.

Nieleze. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawaachia watoto vitu vyao kwangu, na usiku nilikuwa nafumua pale palipopinda na kushona vizuri kidogo, ili wazazi wafurahi. Mtoto mmoja, wa kimya sana, akaangalia mfuko wake siku iliyofuata akasema, "Tantini, hii haiko yangu." Hakusema kwa hasira. Aliuweka chini tu na hakurudi kwa wiki tatu. Mimi njo nilimufukuza.

Kama mshono utaharibu kazi, mfano mfuko una tundu, muoneshe tundu, mutie kidole, achague mwenyewe kufumua ao kuongeza mshono juu. Akifumua: akate uzi kila baada ya mishono mitatu upande wa nyuma, na avute vipande vitoke kimoja kimoja. Kama umepinda tu lakini umeshika, uache. Umepinda, umeshika, basi.

Amekasirika, anatupa kitambaa.

Chukua sindano kwanza, ongea baadaye. Mara nyingi ni uzi, ao sindano, ao njaa. Mupe avoka na chumvi.

## Usalama

Akijidunga?

Atajidunga. Osha na maji na sabuni, bana kidogo, endelea. Sindano iliyomudunga mmoja isipewe mwingine, uitenge.

Juu ya pepopunda: watu wanaogopa kutu, lakini kutu yenyewe haileti ugonjwa, ni vijidudu vya kwenye udongo na mavi ya wanyama, na vinaingia na kitu kilichokuwa chini. Kwa hiyo sindano iliyookotwa inje tupeni. Angalia karte ya chanjo, watoto wanapata ile ya pepopunda ndani ya sindano za wiki 6, 10 na 14, na nguvu yake inapunguaka na miaka, uliza kituo cha afya kama mtoto anahitaji kurudilia. Ncha ikikatikia ndani ya nyama usichimbe nyumbani, peleka.

Sindano imepotea kwenye mkeka.

Wote wasimame palepale, miguu haitembei. Sumaku ya spika ya radio iliyokufa, ipitishe juu ya mkeka, inaokota. Njo maana tunahesabu: zimetoka nane, zirudi nane, na hakuna kwenda kucheza mpaka kopo limejaa.

Na njo maana hatushoni chini bila mkeka. Wewe unayeishi Goma unajua parseli zetu, makoro kila mahali, sindano ikiingia kati ya mawe ya volkano hata sumaku haiipati, utaipata na mguu mwezi wa kumi na mbili.

Kingine: hakuna sindano mdomoni, hata ya mwalimu. Hakuna kudunga kwenye nguo uliyovaa.

Ameimeza!

Hospitali, sasa, hata kama anasema haumwi. Usimutapishe. Usimupe ndizi wala bugali ya "kusukuma", asile kitu mpaka daktari aone.

## Visa vya pembeni

Anatumia mkono wa kushoto.

Muache na mkono wake. Bibi atasema si heshima, sawa, kwa kusalimia na kupokea chakula fundisheni kuume, lakini sindano haimsalimii mtu. Ashone kutoka kushoto kwenda kuume, yote imegeuka. Wewe wa kuume usikae pembeni yake, kaa mbele yake mkitazamana, atakufuata kama kioo. Mkasi njo utamusumbua, mingi imetengenezwa kwa mkono wa kuume na kwake inatafuna kitambaa.

Haoni karibu vizuri, kutia uzi ni vita.

Kata uzi kwa kuinamisha mkasi, usikate wima. Bana uzi kati ya gumba na kidole mpaka uonekane kidogo tu kama chembe ya chumvi, kisha lete sindano juu ya uzi, siyo uzi kwa sindano. Ikikataa geuza sindano upande wa pili, tundu linatobolewa kiwandani na upande mmoja unapokea vizuri kuliko mwingine.

Kama bado: ndani ya waya ya umeme ya zamani kuna nyuzi za shaba nyembamba sana. Kunja moja katikati, pitisha ile pembe iliyokunjwa tunduni, weka uzi ndani ya kitanzi, vuta. Na kama anakosa tundu hata la sindano ya sufu, apelekwe macho yapimwe, mbili tatu kwetu iligunduliwa hivyo, shuleni walikuwa wanaitwa wavivu.

Ana mkono mmoja wenye nguvu tu.

Ile kartoni yenye dirisha niliyosema kwenye swali la kitambaa kujikunja, ibane kwenye ukingo wa meza na klipu ngumu ao na tofali mbili, mkono mmoja unakuwa huru kwenda juu na chini. Anaenda polepole, anafika.

Anataka kurekebisha maio (jezi) ao tishati inayovutika.

Kurudi nyuma, lakini mishono mifupi na isikazwe, na kila hatua chache avute kitambaa kidogo uzi ulegee. Mshono wa kwenda mbele kwenye tishati utakatika siku ya kwanza akivaa kichwani. Sindano nyembamba, ikibidi wewe mutilie uzi.

Watoto wangapi kwa mtu mzima mmoja?

Wanaoanza, wanne. Watano unakimbia. Sita, mmoja anashona sketi yake mwenyewe juu ya kitambaa na hamjui mpaka anasimama. (Ilitokea. Mara mbili, mtoto yule yule.)

Majirani wameanza kumuletea nguo arekebishe. Achukue pesa?

Buto moja ya jirani, akapewa biskuti ao franka kidogo, mimi sioni ubaya, anajivuna na ni haki yake. Lakini niliona kwenye parseli moja mtoto wa miaka kumi na moja na rundo la nguo za watu, jioni, kaye za shule zimefungwa, na mama anasema "anajifunza". Pale nilikataa, na tukagombana. Nguo za watu ziende kwa fundi, Birere wamejaa. Mtoto ashone za nyumbani, na mfuko wa bili, na kama siku hiyo anataka tu kukaa chini ya avoka bila kushona, sindano iko ndani ya kopo, zimehesabiwa nane.